Naomba Msinichekeshe

Ukija kunitembelea, njoo na habari za msiba, za mgogoro wa kiwanja, za bei ya mafuta ya kula, za mkopo wa kausha damu uliomfanya jirani ahame usiku. Zote nitazipokea. Kichekesho kiache getini. Mimi nikicheka kicheko cha kweli, kile cha kutoka tumboni, kisogo kinataka kupasuka. Maumivu yanapanda ghafla kutoka shingoni, yananibana nyuma ya kichwa kwa dakika moja hivi, kisha yanaondoka na kuniacha nimeshika kichwa huku machozi yananitoka. Aliyenichekesha akiyaona machozi anadhani amefaulu sana, anaongeza kingine.

Adui yangu mkubwa ni wifi. Wifi ana kipaji cha kuigiza watu. Akianza kumwigiza mwenyekiti wa mtaa anavyosoma taarifa ya mapato na matumizi, hasa pale anapofika kwenye "matumizi mengineyo", mimi nainuka na kutoka nje. Sasa habari zimeenea kwamba nina kiburi na sipendi ndugu wa mume. Si kweli. Ndugu wa mume nawapenda sana. Wakichangamka tu ndiyo tabu.

Na kazi inayonilisha, kwa mipango ambayo Mungu peke yake anaijua, ni kuandika safu ya vichekesho. Naiandika nimenuna. Mhariri akinipigia kusema ya wiki hii imemvunja mbavu, namwonea kijicho.

Tatizo langu linaitwa Chiari, linatamkwa Kiari, na kwa kawaida chanzo chake ni namna fuvu lilivyojiunda tangu mtu yuko tumboni. Nyuma ya kichwa, chini kabisa, kuna sehemu inayoitwa ubongo mdogo, ndiyo inayosimamia mwendo na mizani ya mwili. Chini yake fuvu lina tundu kubwa, mahali ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Kwa binadamu wenzangu ubongo mdogo unakaa juu ya tundu hilo kwa starehe. Kwangu mimi chumba cha nyuma cha fuvu kilijengwa finyu, kwa hiyo ncha za chini za ubongo mdogo zimesukumwa zikachungulia kwenye tundu. Daktari alisisitiza kwamba ubongo wenyewe hauna kasoro, ni wa ukubwa wa kawaida. Mume wangu alimwomba arudie sentensi hiyo.

Alinichorea michoro miwili mitatu, sikuambulia kitu. Nilikuja kuelewa siku nilipopanda daladala ya Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni. Gari limejaa mpaka konda mwenyewe hana pa kusimama, nusu ya mwili wake iko nje ya mlango. Ncha za ubongo wangu mdogo ndizo konda yule. Na kero yenyewe haiko katika kuning'inia kwake, iko katika kuziba mlango. Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ambayo mwili hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, yanatakiwa yapande na kushuka katika mlango uleule kila moyo unapopiga. Nikitulia, abiria wanajipenyeza kwa ubavu, safari inaendelea. Nikikohoa, nikipiga chafya, nikicheka, presha ya humo ndani inaruka, ni dereva amekanyaga breki, gari zima linamwangukia konda, na konda anapiga ukunga. Ukunga huo ndio ninaousikia kisogoni.

Madaktari, kwa sababu zao, ncha hizo wameziita tonsili. Wangetafuta jina lingine. Nilipowaeleza ndugu kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba tonsili za ubongo wangu zimeshuka, shangazi alijibu palepale: sukutua maji ya chumvi vuguvugu asubuhi na jioni. Binamu akaleta asali na ndimu. Shemeji akasema mwanawe alitolewa zake, akala aiskrimu wiki nzima, sasa ni mzima na anacheza mpira. Niliandika maelezo marefu kuwasahihisha. Wakaniwekea vidole gumba, na kesho yake shangazi akauliza kama nimesukutua.

Jina la Chiari tumeachiwa na Hans Chiari, mtaalamu aliyezaliwa Vienna mwaka 1851 na kufanya kazi Prague. Alichapisha maelezo yake mwaka 1891, akayapanua mwaka 1896. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti, kwa hiyo wagonjwa aliowaeleza walikuwa wameshafika mahali ambapo mtu halalamiki tena. Kabla yake, mwaka 1883, Mskochi mmoja, John Cleland, alikuwa ameshayaeleza mambo ya namna hiyo, na leo nani anamtaja? Kisha mwaka 1894 Julius Arnold wa Heidelberg akamweleza mtoto mmoja, mmoja tu, na mwaka 1907 wanafunzi wake wakalichomeka jina la mwalimu mbele, ikawa Arnold-Chiari. Mpaka leo zipo karatasi za hospitali zinazoandikwa hivyo. Wanafunzi wa hivyo sisi walimu wetu hawakuwapata.

Kabla sijalijua jina hilo nilipitishwa njia anayopitishwa kila mtu wa nchi hii akisema kichwa kinauma. Kwanza ni malaria. Kipimo kikikataa malaria, ni UTI. Dawa za UTI zikiisha na kichwa kiko palepale, ni taifodi. Taifodi ikishindikana, ni macho. Nikapimwa, nikatoka na miwani ambayo sasa inamsaidia mama mkwe kuchambua mchele. Baada ya miwani yakabaki mawazo. "Mama, una mawazo?" Ninayo, ndiyo. Kuna mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba asiyekuwa nayo? Nikaandikiwa vidonge. Eksirei ya shingo nayo ikatoka safi, maana eksirei inaonesha mifupa, na mchungulio wa ubongo haiuoni. Nikaambiwa kwa furaha kabisa kwamba sina kitu.

Aliyenisaidia alikuwa daktari kijana wa zamu, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Wenzake wote waliniuliza kichwa kinauma tangu lini. Yeye aliuliza kinauma ukifanya nini. Nikamwambia: nikikohoa, nikicheka, nikipiga chafya, nikiinama kufagia, na, samahani mwanangu, nikikaza chooni. Akaniambia maumivu ya kisogo yanayoletwa na kukohoa na kukaza hayapewi panado na kurudishwa nyumbani, yanapigwa MRI.

MRI ni bomba. Unavua hereni, pete, saa, pini za mtandio, unalazwa chali, kichwa kinafungiwa kwenye kifuniko, unasukumwa ndani na kuambiwa usitikisike. Mashine inagonga, inanyamaza, unadhani imeisha, inaanza kukoroma, inagonga upya kwa sauti nyingine. Humo ndani ndipo pua yangu iliamua kuwasha, pua ambayo nje ya bomba haijawahi kunisumbua. Gharama yake sitaitaja, kwa sababu mume wangu husoma safu hii na alikuwa ameshaanza kusahau.

Majibu yakaja: milimita saba. Yaani ncha zimeshuka chini ya tundu kwa milimita saba, na kawaida yao wanaanza kuiita Chiari ikizidi tano. Milimita mbili tu za ziada zimenipa jina la Mzungu! Na hizo milimita zenyewe hazina maana kubwa zikisimama peke yake. Yuko mwenye tatu anayeteseka, yuko mwenye kumi na mbili asiyejua lolote, anapata ajali ya bodaboda, anapigwa picha ya kichwa, ndipo wanamwambia. Kati ya watu mia wanaopigwa MRI ya kichwa kwa shida nyingine, karibu mmoja anakutwa nayo. Kwa hiyo mjini humu wako maelfu wenye kisogo kama changu wanaocheka mpaka wanagaragara chini bila kulipia chochote. Siwapendi.

Sasa tuje kwenye maisha, maana milimita haziishi kwangu peke yake, zinaishi na watu.

Kusuka. Wanaume wanaosoma hapa hawajui, lakini kusuka nywele ni kukaa chini na kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya msusi, shingo imekunjwa kidevu kifuani, tangu asubuhi hadi adhuhuri, msusi anaangalia tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa na kila mhusika akisalitiwa anakukaza nywele kwa hasira. Ukiomba kuinua shingo anasema, "Bado kidogo, shoga." Sasa navaa mtandio na chini yake najua mwenyewe kilichomo. Kwenda saluni kuosha nywele kichwa kimelazwa nyuma juu ya beseni nako nimeacha. Kizunguzungu kilinipata, nikamshika dada wa watu apuroni.

Harusini ni balaa lingine. Mimi nilikuwa mpiga vigelegele wa ukoo. Si kujisifu, nilikuwa naitwa. Kigelegele kinataka kichwa kirudishwe nyuma, pumzi ijazwe kifuani na kusukumwa yote, na hakuna kitu konda wangu anakichukia zaidi. Nikikaa kimya bibi harusi akipita, mawifi wanaangaliana.

Msikitini naswali juu ya kiti, kwa sababu kusujudu kunakijaza kisogo maumivu. Dini imemruhusu mgonjwa hilo zamani sana. Safu ya akina mama bado inajadiliana.

Ndoo ya maji kichwani nimekatazwa. Bodaboda napanda kwa sharti la kupita matuta polepole, na dereva wa bodaboda aliyewahi kutii sharti hilo ningependa kukutana naye. Jirani anayekaanga pilipili kavu dirishani kwangu nimemwandikia ujumbe wa heshima. Choo, tusameheane, nacho kina ratiba: papai, maji mengi, mboga za majani, kwa sababu mwenye Chiari hatakiwi kukaza. Katika umri wangu sikutegemea kuulizwa habari za choo mezani, tena na mama mkwe, tena mbele ya wageni.

Halafu kuna fundi wa kuchua wa mtaa wa pili. Huyu mama ana mikono ya chuma na imani kubwa kuliko mikono. Kila akiniona ananiambia, "Mwanangu, hiyo ni mishipa imekaa vibaya, nikupe mzunguko mmoja tu, tuu!" na ananionesha hewani jinsi atakavyoizungusha shingo. Daktari aliniambia kinagaubaga kwamba shingo yangu isivunjwevunjwe na mtu yeyote, awe mchuaji, awe kinyozi, awe fundi wa masaji mwenye cheti ukutani. Yule mama nimemweleza. Kajibu kwamba madaktari wanaogopa atawamalizia wateja.

Ila kibaya kuliko vyote ni kuambiwa naonekana mzima. Ningevunjika mguu ningepewa kiti. Mimi nimevaa vizuri, nimepaka wanja, uso una afya, nani ataamini kwamba vidole vinakufa ganzi, kwamba masikio yanavuma, kwamba usiku mwingine nikitembea gizani kuelekea msalani naushika ukuta? "Mbona umenawiri!" Ahsante. Kisogo hakijanawiri.

Kliniki ndiyo mahali pekee ninapoaminiwa, na hapo naaminiwa na benchi zaidi ya daktari. Kwenye benchi nilimkuta mama muuza chapati. Vidole vyake vina makovu ya moto, mapya juu ya ya zamani. Alikuwa anageuza chapati kwa mkono mtupu juu ya chuma cha moto, na wateja wakamsifu miaka mingi: huyu mama jasiri, mikono imekomaa. Kumbe hakuwa anausikia moto. Maji yakizuiwa mlangoni kwa muda mrefu, huweza kutengeneza uwazi wenye maji ndani ya uti wa mgongo wenyewe, ukatanuka taratibu na kuharibu nyuzi zinazopita katikati kupeleka habari za maumivu na za joto. Nyuzi za kugusa zinapita kando, zinabaki. Kwa hiyo anajua ameshika kitu, hajui kinamuunguza. Tangu siku hiyo nikifika nachomwachomwa pini mikononi na daktari, naguswa na kitu cha baridi, naulizwa nasikia nini, na kwa mara ya kwanza maishani nafurahi kuchomwa pini na kuumia. Yule mama sasa anatumia mwiko. Analalamika kwamba biashara imepungua, watu walikuwa wanakuja kutazama mkono.

Benchi la mbele yetu hukaa akina mama wenye watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Hiyo ni Chiari ya aina ya pili, dada mkubwa wa ile ya kwangu na mkali zaidi. Karibu watoto wote wenye mgongo wazi wa kifuko cha neva wanayo, na wengi maji hujaa kichwani. Huko Mbale, Uganda, Mmarekani Benjamin Warf aliunda njia ya kuyapunguza maji hayo kwa kutoboa kipito ndani ya ubongo na kuunguza sehemu ya tishu zinazoyatengeneza, ili watoto wengi wasilazimike kuishi na mpira wa kuyatoa, ambao ukiziba kijijini hakuna wa kuuzibua. Ninapowatazama akina mama wale nanyamaza na kichwa changu. Lakini kunung'unika kwingine nakuruhusu: asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inapunguza sana hatari hii, na inatakiwa ianze kabla mimba haijaingia, kwa kuwa mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo. Sisi tunapewa vidonge kliniki tumbo likiwa tayari linaonekana kutoka barabarani. Unga wa viwandani unatakiwa kisheria uwe umeongezwa virutubishi, foliki ikiwemo. Unga wa mashine ya mtaani, ule tunaousifu kwa harufu, una harufu.

Upasuaji upo, na kila mtu ana msimamo juu yake isipokuwa mimi. Wanaondoa sehemu ya mfupa wa kisogo, mara nyingi na upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza ya shingo, pengine wanafungua utando unaofunika ubongo na kushonea kiraka ili nafasi iongezeke. Yaani wanatanua mlango, konda wanamwacha. Maumivu yale ya kukohoa na kucheka ndiyo yanayotibika vizuri zaidi kwa wengi. Ganzi iliyokwisha kukaa inaweza isirudi nyuma. Ndiyo maana wanachunguza mikono yangu kwa bidii, na ndiyo maana mpaka sasa wamesema tusubiri, turudie picha, tutazame. Mwenye Chiari asiye na dalili hapasuliwi kwa sababu ya milimita tu. Mimi niko katikati: dalili ninazo, uwazi wa maji kwenye uti sina.

Neno "tusubiri" kwenye kundi la WhatsApp limeleta pande mbili. Upande wa shangazi unasema wasiniguse kichwa, mtu akishapasuliwa kichwa harudi yuleyule. Upande wa wifi unasema nikapasuliwe kesho asubuhi, achangiwe yeye nauli ya kunisindikiza, kwa sababu amechoka kusimulia hadithi nusunusu. Mume wangu yuko upande wa bima.

Baba mdogo, aliye Muheza, alikaa kimya siku zote hizo, mpaka juzi alipotuma ujumbe wa sauti. Aliuliza jambo moja: huo mfupa watakaoutoa wanaupeleka wapi? Nikamjibu kwa adabu kwamba, shikamoo, haujatolewa bado. Akasema anajua, lakini kiungo cha mwanadamu kinazikwa, hakitupwi, na hataki mfupa wa mtoto wa kaka yake uzagae Dar es Salaam. Nikamuuliza daktari, kwa aibu. Daktari akanieleza kwamba mara nyingi hautoki ukiwa kipande, unatolewa vipandevipande, mwingine unasagwa na mashine ukawa unga. Nikampelekea baba mdogo majibu hayo nikidhani yamemaliza mjadala. Akasema basi wavitie kwenye mfuko safi, hata vikiwa unga, yeye ameshaongea na watu wa kuchimba na amepata nafasi karibu na babu. Sasa anachouliza ni kama sherehe ya wali itakuwa Muheza au Dar, maana mbuzi amepanda bei.